Valize ya Mutu Anayerudi

Kavira, mutoto wangu,

Ile sufuria mu valize yako ya safari ni mimi niliiweka. Na kilo mbili za maharagi, na ile bashi, turubai la kambi, iliyokunjwa chini kabisa, na bahasha ya diplome yako, na karte yako ya ubatizo. Leo asubuhi ulivitoa vyote, ukavipanga juu ya kitanda changu kimoja kimoja, kama mama anayepanga nyanya sokoni, halafu ukasema tu: "Mama, hivi ni vitu vya mutu asiyerudi." Hukupaza sauti. Ukachukua mwavuli, ukaenda kuaga marraine yako, mama yako wa ubatizo, na mimi nikabaki natazama sufuria kama vile imenitukana.

Bon. Mvua imekufungia kule, na kesho asubuhi unavuka mupaka. Nimekaa kwa mashini yako ya kushona, kwa sababu njo meza moja mu nyumba yenye haitikisiki. Unajua nilifika mwaka wa ine wa primeri na pale nikabaki. Mistari ikipanda na kushuka, vumilia. Mudomo wangu unasema vizuri kuliko mukono, lakini nikisema nitalia, nikilia utanibembeleza, na neno lenyewe halitatoka.

Sitakuandikia mambo ya kumeza dawa wala kufunga mulango na ufunguo. Hayo uliyajua ungali mudogo, ni mimi niliyekuwa nasahau.

Niko na hasira, Kavira. Siyo juu yako.

Kaye yako ya buluu, ile daftari ya safari, iko hapa mbele yangu. Nusu naielewa, nusu ni Kifaransa. Umeandika: Jamaika, juma mbili, wakati wa mvua, juu bei inashuka. Chumba nyuma ya nyumba ya mama mujane, njia mbili kutoka bahari, na jiko la kupikia. Basi ya raia, hapana taksi. Umelipia usiku ine za kwanza, na kwa zingine umeandika "tutaona huko". Tiketi ya kwenda na kurudi, yenye inakubali kubadilisha tarehe, juu ya tufani. Nilikuuliza tufani ni nini, ukasema ni upepo unaong'oa mabati.

"Na wewe unaenda kulipa, upepo ung'oe mabati juu ya kichwa chako?"

"Mama, sisi hapa tunalala chini ya volkano, na mwenye parseli anadai loyer ya kiwanja chake kila mwezi."

Nilicheka mpaka majani ya sombe yakaungua ku jiko. Siku ile nilikuwa na furaha kweli. Nilijisemea: mutoto wangu, wakati alipokuwa anapiga pasi mashuka ya wageni kwa ile hoteli ya njia ya Rumangabo, wale waliokuja kutazama magorila, kumbe alikuwa anawasikiliza. Walikuwa wanaambiana vile wanatembea dunia na makuta kidogo, na wewe unakunja shuka, unaweka mu kichwa. Vita vikafunga hoteli. Ukarudi hapa, ukashona inifome za watoto wa watu miaka sita, na ile fikra haikukutoka.

Lakini wengine hawakucheka.

Ile Jumapili, siku ya Mungu, ulipokuwa kwa mazoezi ya korale ya kanisa, baba mudogo wako Kasereka alifika hapa na shangazi Kanyere. Walijua hauko, njo maana walikuja. Niliwapa chai. Shangazi alianza na ile nguo ya kuogea, aliiona ku kamba.

"Mama Kavira, ile kitu nyekundu, ni ya mutoto wa kunyonya?"

"Ni ya Kavira. Ya kuogea bahari."

"Yote? Ama kuko kipande kingine kinafuata?"

Hata mimi nilicheka. Halafu akaacha kucheka, akasema mutoto anaenda kutupa makuta ya kununua parseli nzima ku muchanga. Muchanga! Kama ni kukaa chini na kutazama maji, ziwa liko pale chini bure. Nikamwambia ziwa liko, lakini weye Kanyere ulilitazama lini?

Baba mudogo ndiye aliyekuwa na neno. Aliweka kikombe chini, akatoa kikaratasi mu mufuko wa shati. Namba ya simu. Alisema ni ya mutu anayepokea watu kule, anawapeleka mbele, kisiwa kwa kisiwa, mpaka kwa inchi kubwa ya wazungu. Kavira akifika, ampigie. Tiketi ya kurudi aitupe, ama aiuzishe kama inauzika.

"Anaenda vakansi," nilimwambia.

"Shemeji, usiongee kama mutoto. Mutu wa Goma anaenda vakansi? Mutu wa Goma akitoka, ametoka. Mutu anapata mulango, anavuka, halafu anarudi ndani ya moto kwa miguu yake? Watu watasema eko na kichwa kibovu. Watasema mama yake ndiye amemuroga."

"Ameahidi kurudi."

"Kaka yangu pia aliahidi."

Alisema vile, Kavira. Mu nyumba yangu, na kikombe changu mukononi. Baba yako alipoenda Bunagana kuleta mabalo ya nguo za mitumba alisema atarudi siku ya soko, njia ikafungwa nyuma yake, na mimi siku zote za soko toka pale nimezihesabu. Baba mudogo mwenyewe aliona amepita mupaka, macho yakamujaa maji, lakini hakulifuta neno lake. Aliongeza lingine: "Niambie kweli. Unamupenda mutoto, ama unajipenda?"

Halafu akanipa kikaratasi, eti nikishone mu pindo la jipe yako, ile sketi ya safari, kwa siri, juu wewe ukiulizwa utakataa.

Wale wawili ni damu yetu, wanaogopa kwa ajili yako. Lakini hasira inanishika nikifikiri kwamba neno lao ni lile lile la yule bwana wa biro ya viza.

Unakumbuka. Tulivuka mupaka, tukafika Kigali, tukalala kwa watu, juu ndege yako itapita mu inchi ya watu, na hao wanataka viza hata kwa mutu anayekaa saa tatu ku banki ya kukalia ya uwanja wa ndege na kunywa maji. Nilijilazimisha kukusindikiza. Nilivaa ile bluzi ya Pasaka. Yule bwana hakunitazama hata mara moja. Alifungua dokima zako, zile karatasi zote, akakuuliza: nini itakurudisha kwenu? Uko na bwana? Hapana. Watoto? Hapana. Nyumba? Ni ya kupanga. Ukamwambia: "Niko na mama." Ulinitafsiria jibu lake kwa sauti ndogo, nadhani ulitamani usinitafsirie.

"Mama siyo dokima."

Nilitaka kusimama, ukanikamata goti chini ya meza. Mara ya pili ulipeleka karatasi ya mashini ya kushona na patante ya ateliye, ile leseni ya kushona, wakakupa viza. Basi mimi nimeshindwa na mashini! Hii hapa ninayoegemea, chuma cha mafuta na sindano, iliaminiwa kwamba inaweza kumurudisha mutu Goma. Mimi niliyekubeba mugongoni toka Kiwanja, hapana.

Na wale wageni wa hoteli, kuko mutu aliyewahi kuwauliza kama watarudi kwao? Walilala, walikula, walipiga picha, wakakuachia sabuni nusu. Hakuna aliyedai karte ya mama zao. Mimi siwaonei wivu. Nauliza tu: hii kitu ya kutoka nyumbani bila kufukuzwa, kuona maji, kuchoka kuyaona, kisha kurudi na kulalamika juu ya joto, nani alisema ni ya watu wamoja tu? Sisi tumetembea kuliko wao. Wangejua tumetembea namna gani!

Hapa sasa nifike kwa kosa langu, juu nimelizunguka vya kutosha.

Ulikuwa na miaka saba. Siku ile tuliyotoka Kiwanja nilivaa vikwembe vitatu vya kitenge, kimoja juu ya kingine, na wewe nikakuvalisha robo zako zote, gauni juu ya gauni. Unajua desturi yetu ya kukimbia: nguo nzuri hazibebwi, zinavaliwa, nguo ya mwilini haianguki njiani, na mukono unabaki kwa mutoto na sufuria. Ukiona mama amenona gafula, ujue kartie yake, mutaa wake, imeungua. Jua lilikuwa kali. Karibu na Rumangabo miguu yako ikakataa. Ukakaa mu vumbi, ukauliza: "Mama, tunaenda wapi?"

Sikujua. Hakuna mutu kwa ile barabara aliyejua. Nikasema: "Tunaenda vakansi. Ku lac, ku ziwa."

Ukanitazama. "Njo maana tumevaa nguo zote?"

"Njo maana."

Ukasimama, ukatembea. Ukaimba, hata. Nikaona uongo unafanya kazi kama dawa, nikaongeza kipimo. Tulipopita Kibumba nilikuambia kuko muchanga mweupe. Nikakuambia watoto wanakaa siku nzima miguu mu maji, hakuna anayewatuma kitu. Sijui nilivitoa wapi. Mimi mwenyewe sikuwa nimeona.

Tukafika Mugunga, ku kambi ya wakimbizi. Mawe meusi ya volkano, yanakata kambambili, na bashi moja kwa jamaa mbili. Jirani wetu, yule mama wa Masisi mwenye sauti ya ngoma, alikuuliza mumetoka wapi, ukamujibu na adabu: "Tumetoka Kiwanja, tuko vakansi." Yule mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Vakansi! Bamama, mukuje musikie! Na mimi nilidhani nimekimbia!" Kambi yote ikatuita vile. "Jamaa ya vakansi, maji imefika." "Jamaa ya vakansi, musisahau kulipa hoteli." Wewe ulidhani ni heshima.

Kisha siku moja ukauliza itaisha lini. Nikakuambia nyamaza.

Na lile la bidon, dumu la maji, nadhani hulisemi juu unanihurumia. Nilikutuma maji ku ziwa asubuhi, ukarudi jua limepinduka, robo imelowa mpaka kiunoni, bidon tupu. Nilikuwa nimeshakulilia. Nilikuwa nimeshauliza wavuvi. Ukaniambia ulikaa ku jiwe na miguu mu maji. Nikachukua mwiko. Ukasema: "Ulisema vakansi." Mara ya kwanza nilikupiga kwa woga. Baada ya lile neno nilikupiga tena, na hiyo haikuwa woga, ilikuwa haya. Hukulia. Ukachukua bidon, ukarudi kuijaza.

Nimekuwa naungama mambo mengi kwa padri, miaka mingi. Hilo sikuwahi kulipeleka, juu siyo yeye niliyemukosea.

Njo maana uliponionyesha picha ya ile bahari ku simu, muchanga mweupe na watoto wamekaa bila kutumwa, ulisema "tazama, Mama, ni kama vile ulisema," nikatoka nje kuangalia mabati. Mabati hayakuwa na kitu.

Sasa nisikie. Hii kaye yako ya buluu inanifurahisha na kunikasirisha pamoja, juu ndani yake hakuna kitu nisichokijua. Kulala kwa mujane mwenye jiko, sisi tulifanya Kibumba. Kula penye wabeba mizigo wanakula, juu chakula chao kinaisha haraka na hakilali. Kutolipa usiku nyingi mbele, juu hujui kesho itaamka na uso gani. Sisi tumekuwa na tiketi ya kubadilisha tarehe toka ulipozaliwa! Akili ni ile ile. Kwa wageni inaitwa safari, kwetu watu wanasema maskini wa Mungu. Wewe uitumie bila haya, ni mali yako, umeilipia mbele.

Ukifika mahali usipopajua, usiulize mwanaume aliyesimama. Uliza mama aliyekaa anauza. Aliyesimama anangoja kitu, aliyekaa anajua kila anayepita. Hiyo ilituokoa mara mbili. Makuta usiweke yote penye mwizi angetafuta kwanza, na acha kidogo penye atayapata, aende zake. Mwenye chumba akiwa mujane, mupe jina lako lote siku ya kwanza, na umuulize jina la watoto wake. Tufani ikija, atakayekupigia mulango ni yeye.

Halafu, Kavira, nataka ufanye kitu ambacho mimi sikuweza. Miaka yote hii Goma, ziwa pale, sikuwahi kukaa kando yake bila chombo mukononi. Bidon, beseni ya nguo, kapu la samaki sambaza. Mukono ukiwa mutupu naona kama nimeiba. Siku ya kwanza kule usifue, usishone, usipige simu kuniuliza kama nimekula. Nitakuwa nimekula. Kaa tu.

Sasa ile sufuria. Nimejidanganya siku mbili kwamba niliiweka juu ya bei, eti ujipikie. Hapana. Mutu haweki karte ya ubatizo juu ya kupika maharagi. Baba mudogo alipotoka, mikono yangu ilianza kazi bila kuniuliza. Sufuria, maharagi, bashi, dokima: njo vile nilivyofunga toka Kiwanja, njo vile ninavyojua kufunga. Sikuwa nakuandaa kwa vakansi. Nilikuwa nakukimbiza. Kwa mudomo nilimukatalia Kasereka, na kwa mikono nilimutii. Na wewe mutoto uliona, ukapanga vitu ku kitanda, ukaniachia nijisomee mwenyewe.

Kama mabomu yanaanguka tena ukiwa kule, na mupaka unafungwa, badilisha tarehe. Uliilipia juu ya tufani, na hii pia ni tufani. Usije ku mupaka kulia na valize. Kama siku moja wewe mwenyewe, kwa akili yako, bila mutu kukushonea neno mu pindo, unaamua kukaa inchi nyingine, utaniambia, nitakasirika juma moja, kisha nitauliza kama kule kuko sombe. Lakini iwe ni neno lako. Isiwe ya Kasereka, isiwe ya yule bwana aliyeamini cherehani. Na isiwe yangu. Kasereka alipouliza kama nakupenda ama najipenda, jibu ni yote mawili, na simwombi musamaha.

Kikaratasi kiko mu hii bahasha. Nilikiweka karibu na makaa ya jiko la babula, nikakirudisha. Nilikudanganya mara moja njiani, sitakuficha kitu njiani mara ya pili. Ukitupe wewe.

Valize nimeifunga upya, nimeweka vile ulivyotaka. Ile nyekundu iko juu. Diplome na karte ya ubatizo nimevirudisha mu kofre, lile sanduku letu. Sufuria iko jikoni, usiku huu tutapikia ndani yake.

Kitu kimoja nimekitoa bila ruhusa yako. Kile kikwembe cha buluu na manjano, cha Siku Kuu, ulikuwa umekikunja pembeni. Hakiendi. Mutu anayeenda vakansi anaacha nguo yake nzuri nyumbani. Kesho ku mupaka vaa kikwembe kimoja tu, kile cha kazi, na upite mbele ya wote ukiwa mwembamba, Kasereka akuone, Kanyere akuone, na wale wa mihuri pia.

Cha Siku Kuu kitakungoja mu kofre. Na kama vita vinarudi hapa kabla yako, Nyamuhanga, Mungu wetu, apishe mbali, usiogope kwamba kitapotea. Nitakivaa juu ya vyangu viwili. Ukitufuata penye tutakuwa, tafuta mama aliyenona, mwenye buluu na manjano juu.

Ni mimi,
Mama yako